Una jenereta nyumbani? Waya wa plagi mbili unaweza kumuua hata mtu asiyekujua

Umeme ukikata jioni pale Milanzi, mjini Sumbawanga, hazipiti dakika nyingi utasikia injini zikinguruma nyuma ya nyumba. Mwenye duka ana friji la soda, mwenye saluni ana mteja ambaye nywele zimefika nusu, na nyumbani watoto wana mtihani kesho. Kwa wote hao jenereta ndogo ya petroli ni mkombozi.

Mashine yenyewe haina tatizo kubwa. Tatizo ni mahali inapokutana na nyumba. Wapo wanaochukua waya, wakafunga plagi ya kiume huku na huku, upande mmoja ukaenda kwenye jenereta, mwingine ukachomekwa kwenye soketi ya ukutani. Taa zinawaka nyumba nzima na kila mtu anafurahi.

Waya huo unaweza kumuua mtu aliye nje kabisa ya nyumba hiyo. Haya ndiyo unayopaswa kujua kabla ya kununua jenereta, kabla ya kuiunga, na kabla ya kuvuta kamba.

Kwa nini Sumbawanga na jenereta ni marafiki wa zamani

Kwa miaka mingi Mkoa wa Rukwa ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa. Sumbawanga ilitegemea umeme unaonunuliwa kutoka nchi jirani ya Zambia, pamoja na majenereta ya dizeli ya TANESCO. Laini ikipata hitilafu safarini, mji mzima ulikuwa gizani.

Ndiyo maana ukabuniwa mradi wa TAZA, njia kubwa ya umeme ya kilovolti 400 inayotoka Iringa, kupitia Mbeya na Tunduma, hadi Sumbawanga. Lakini hata mji wenye gridi hukatiwa umeme: nguzo huanguka, radi hupiga, transfoma huungua, na wakati mwingine mafundi hulazimika kuzima ili wafanye matengenezo. Kwa hiyo jenereta itaendelea kuwepo. Kinachotakiwa ni kuitumia bila kuzika mtu.

Waya wa plagi mbili unafanya nini hasa?

Transfoma ya mtaani hupokea umeme wa volti 33,000 au 11,000 na kuushusha hadi volti 230 zinazoingia kwako. Watu wengi hawajui kwamba transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ukisukuma volti 230 kutoka nyumbani kurudi kwenye nguzo, transfoma ileile inazipandisha tena kuwa maelfu ya volti upande wa pili.

Sasa mfikirie fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo kurekebisha laini anayoamini imezimwa. Au mtoto anayepita karibu na waya ulioanguka baada ya mvua, na watu wazima wanamwambia asiogope kwa sababu "umeme umekata". Waya huo unaweza kuwa na umeme unaotoka kwenye jenereta yako, na wewe umekaa sebuleni unaangalia mpira.

Wapo wanaobisha kwamba jenereta ndogo haiwezi kubeba mtaa, itazidiwa na kuzima yenyewe. Ni kweli inaweza kuzima, kama nyumba zote za jirani bado zimeungwa kwenye laini hiyo. Lakini kama fyuzi imekatika au waya umedondoka karibu na kwako, hakuna mzigo wa kuizidi. Itaendelea kunguruma na kusukuma umeme kwenye kile kipande cha waya. Na hapo ndipo fundi anapokuja kushika.

Hatari nyingine mbili za waya huo ziko ndani ya nyumba yako.

Ya kwanza ni zile pini. Jenereta ikiwa inawaka na upande mmoja wa waya ukachomoka, pini zinabaki wazi zikiwa na volti 230. Mtoto akizishika, au wewe mwenyewe ukizipapasa gizani, kinachofuata ni msiba.

Ya pili ni umeme wa TANESCO kurudi ghafla. Umeme wa aina mbili usiokwenda pamoja ukikutana kwenye waya mmoja, jenereta ndiyo inayoumia. Inaweza kuungua koili, kushika moto, au kuondoka na vifaa vya ndani.

"Si nazima meni swichi kwanza?"

Hili ndilo jibu la wengi: nazima meni swichi, halafu nachomeka jenereta. Kwenye karatasi inaonekana sawa. Shida ni kwamba usalama wa watu wengine unabaki umeegemea kumbukumbu yako. Siku moja utakuwa umechoka, au utakuwa safarini na aliyebaki nyumbani hajui utaratibu. Mgeni ataona swichi imezimwa, naye ataiwasha kwa nia njema kabisa.

Kinga ya kweli haitegemei mtu kukumbuka. Inatakiwa iwe kifaa ambacho hata ukitaka kukosea, hakikuruhusu.

Kifaa hicho ni chenjiova

Mafundi wengi wanakiita chenjiova. Ni swichi kubwa ya kubadilishia umeme, yenye nafasi tatu. Upande mmoja ni TANESCO, katikati ni sifuri, upande mwingine ni jenereta. Mkono wake hauwezi kukaa pande mbili kwa wakati mmoja. Ili uhame kutoka TANESCO kwenda jenereta lazima upite sifuri, maana yake unaachana na nguzo kwanza ndipo unapokea umeme wako.

Chenjiova hufungwa baada ya mita ya Luku, kabla ya boksi la sakiti breka linalogawa umeme ndani ya nyumba. Mita na sili yake ni mali ya TANESCO, fundi wako asiziguse.

Unapozungumza na fundi, mwulize mambo manne:

1. Chenjiova inakata waya wa moto pamoja na nyutro? Kwa nyumba ya umeme wa njia moja inatakiwa ikate zote mbili.

2. Ukubwa wake unatosha kubeba umeme wote wa nyumba? Umeme wa TANESCO nao unapita humohumo, si wa jenereta peke yake.

3. Fito ya ardhi ipo na inafanya kazi? Jenereta inatakiwa iungwe ardhini. Pia aangalie kama ile swichi ya usalama inayojikata mtu akipigwa shoti inafanya kazi hata mnapotumia jenereta, kwa sababu jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaungwa na ardhi. Hilo ni la fundi kupima kwa kifaa, lisiamuliwe kwa kukisia.

4. Ana leseni? Nchini Tanzania kazi ya kufunga umeme inahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Kuomba kuiona leseni si kumdharau fundi, ni haki yako.

Huna hela ya chenjiova? Usiunge kabisa

Hii ndiyo njia rahisi na wengi wanaiona ya kimaskini, ingawa ni salama kuliko zote. Acha jenereta nje, vuta ekstensheni nzuri hadi ndani, chomeka friji, TV na taa moja kwa moja kwenye ekstensheni hiyo. Umeme wa jenereta haugusani kabisa na nyaya za nyumba, kwa hiyo hauna njia ya kufika kwenye nguzo.

Tumia waya mnene wa nje, wenye ardhi, usiochubuka. Kama ni ule wa kuzungushwa kwenye gurudumu, ufungue wote. Ukiubakiza umejiviringisha huku unabeba mzigo mkubwa, unapata joto na unaweza kuyeyuka. Usiupitishe chini ya zulia wala kuubana na mlango.

Mwinuko wa Ufipa unakula nguvu za jenereta yako

Hili wauzaji wengi hawakuambii. Injini ya petroli inahitaji hewa, na kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi. Kwa makadirio ya watengenezaji, injini inapoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko.

Sumbawanga iko kwenye mita takriban 1,800 kutoka usawa wa bahari. Piga hesabu: karibu asilimia 20 ya nguvu imeshapotea kabla hujachomeka kitu. Jenereta ya wati 2,000 iliyokuwa inatamba Dar es Salaam, hapa Milanzi ihesabu kama ya wati 1,600 hivi.

Mwinuko huo huo unafanya kabureta imwage petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Ukiona moshi mweusi, plagi ya injini inajaa masizi na mafuta yanaisha haraka, muulize fundi kuhusu jeti ya nyanda za juu. Baadhi ya watengenezaji wanaitoa kwa ajili ya maeneo ya zaidi ya mita 1,500.

Ununue ya ukubwa gani?

Anza na orodha ya vitu unavyotaka viwake umeme ukikata, si kila kitu ulichonacho. Mfano wa nyumba ya kawaida:

Taa tano za LED za wati 9: wati 45.
TV: wati 80.
Simu na redio: wati 30.
Friji likiwa linaendelea: wati 150.

Jumla ni wati 305. Unaweza kudhani jenereta ndogo kabisa inatosha. Lakini friji lina mota, na mota inapoanza inavuta mara tatu hadi tano ya kawaida yake kwa sekunde chache. Friji la wati 150 linaweza kudai hata 750 pale linapoamka. Kwa hiyo unahitaji mashine yenye uwezo wa wati 905 kwenye mwinuko huu. Ile ya wati 2,000 inafaa bila kuhema.

Vile vijenereta vidogo vya kuchanganya petroli na oili, vya wati 650 hivi, vinafaa taa, TV na kuchaji simu. Friji ni la kubahatisha.

Kwenye bamba la jenereta angalia namba mbili. Moja ni nguvu inayoweza kutoa mfululizo, huandikwa "rated". Nyingine ni ya juu kabisa kwa muda mfupi, huandikwa "max". Matangazo hupenda hii ya pili kwa sababu ni kubwa. Wewe nunua kwa kuangalia ya kwanza.

Pasi, birika la umeme na jiko la umeme vikae pembeni hadi TANESCO warudi. Birika moja linaweza kuvuta wati 2,000 peke yake.

Na kumbuka mafuta. Jenereta ya ukubwa huo ikiwa imebeba mzigo mkubwa inaweza kula karibu lita moja kwa saa. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na Rukwa iko mbali na bandari. Kama unachohitaji ni taa na simu tu, sola ndogo na betri itakutoa kwa gharama nafuu, bila kelele na bila moshi.

Moshi: muuaji asiye na harufu

Ndani ya moshi wa jenereta kuna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala ladha. Ukiivuta inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa inasema jenereta moja ndogo inaweza kutoa kaboni monoksaidi sawa na mamia ya magari.

Januari 2024, huko Yenagoa katika jimbo la Bayelsa nchini Nigeria, kundi la vijana lilikutwa limekufa ndani ya studio ya muziki. Moshi wa jenereta ndio ulioshukiwa.

Kwa Sumbawanga hatari hii ina sababu zake. Juni na Julai baridi ya Ufipa ni kali, watu wanafunga madirisha mapema na wengine wanaingiza jiko la mkaa ndani. Mkaa nao unatoa hewa hiyohiyo. Halafu kuna woga wa wezi na mvua, kwa hiyo jenereta inavutwa korido, stoo au barazani karibu na dirisha.

Kufungua dirisha hakutoshi. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango na madirisha, yako na ya jirani, na ekzosi iangalie upande usio na nyumba. Kama unaogopa wezi, ifunge kwa mnyororo kwenye nguzo ya zege au jenga kibanda cha nondo au wavu. Kama ni mvua, weka paa la bati, lakini pande zote ziwe wazi. Kibanda kilichozibwa kinaitesa injini na kukusanya moshi.

Dalili za kuvuta hewa hiyo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Wengi hudhani ni uchovu au malaria. Kama watu wawili au watatu ndani ya nyumba wanaumwa kichwa kwa pamoja na jenereta inawaka, tokeni nje wote mara moja, kisha nendeni hospitali. Usirudi ndani kuzima taa kwanza.

Namna ya kuiwasha na kuizima

Jenereta nyingi mpya zinauzwa bila oili ndani ya injini. Ukivuta kamba bila kuangalia, unaiua siku ya kwanza. Mwaga oili ya kwanza baada ya saa 20 hivi za kazi, kisha kila baada ya saa 100, au kama kitabu chake kinavyoelekeza.

Umeme ukikata, na una chenjiova, fuata mpangilio huu:

1. Zima vifaa vyote vya ndani.
2. Peleka chenjiova kwenye sifuri.
3. Washa jenereta nje, iache dakika mbili au tatu ipate moto bila mzigo.
4. Peleka chenjiova upande wa jenereta.
5. Washa vifaa kimoja kimoja. Anza na friji, kisha taa na TV.

Umeme wa TANESCO ukirudi, utaona kioo cha Luku kimewaka au mafundi watakuwa wamekufungia kitaa cha kukuonyesha. Zima vifaa, rudisha chenjiova sifuri, subiri dakika chache uone kama umeme umetulia, ndipo uende upande wa TANESCO. Jenereta iache ingurume kidogo bila mzigo ipoe, kisha zima na funga koki ya petroli.

Usiongeze petroli injini ikiwa inawaka au bado ya moto. Tone moja kwenye ekzosi linatosha kuanzisha moto. Petroli ikae kwenye dumu lake lenye kifuniko, mbali na jiko na chumba cha kulala, si kwenye chupa ya maji ambayo mtoto anaweza kuinywa. Mchanga mkavu au kizimia moto cha unga kiwe karibu. Maji usitumie. Moto ukikuzidi, piga 114, namba ya Zimamoto.

Hata kama umeme haujakata, iwashe angalau mara moja kwa mwezi kwa dakika 10 hadi 20. Ukijua utakaa miezi bila kuitumia, toa petroli yote, kwa sababu ikikaa inaziba kabureta.

Kabla ya kuvuta kamba, jiulize haya

Iko nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani?
Ina oili na petroli ya kutosha, na imepoa?
Chini ni pakavu, na mikono yako imekauka?
Chenjiova iko sifuri, au vifaa vimechomekwa moja kwa moja kwenye ekstensheni?
Ule waya wa plagi mbili umeshaukata?

Kama jibu la swali la mwisho ni hapana, chukua koleo sasa hivi uukate vipande viwili. Usiuweke stoo "kwa dharura". Dharura ndiyo siku ambayo mtu mwingine atauokota na kuuchomeka.